Rotax 912 ULS kwenye ndege niliyoijenga mwenyewe: kuifunga, na asubuhi ilipogoma kuwaka

Nimesharuka saa 140 na injini ya Rotax 912 ULS, ile ya nguvu farasi 100, kwenye ndege ya viti viwili niliyoijenga kwa mikono yangu. Naipenda injini hii na ningeinunua tena. Ila anayefikiria kuinunua kwa ajili ya ndege yake ajue hili mapema: kama itawaka au itagoma kwenye baridi kunaamuliwa siku unapoifunga, waya kwa waya. Ukifika siku ya kubonyeza stata, umeshachelewa. Mimi nilikuja kulielewa hilo baada ya kupoteza wiki nyingi za kuruka.

Kuipandisha kwenye fremu yake hakukunisumbua. Ina uzito wa kilo 60 hivi, kwa hiyo watu wawili na winchi ya mnyororo wanatosha. Kazi iko kwenye vitu vinavyoizunguka. Vichwa vya silinda vinapozwa kwa maji na silinda zenyewe kwa hewa, kwa hiyo unatafuta nafasi ya rejeta huku ukihakikisha upepo unafika kwenye silinda pia. Mipira ya maji, mipira ya oili, ekzosi, nyaya: hapo ndipo miezi inapokwenda.

Oili ndiyo iliyonifanya niende polepole kuliko yote. Haikai chini ya injini kama kwenye gari. Inakaa kwenye tanki la pembeni, na inarudi humo kwa kusukumwa na gesi kidogo inayopenya kwenye pistoni. Injini mpya iliyofungwa leo ina hewa kwenye njia zote za oili, na tapeti zake za haidroliki, yaani vipande vinavyosukuma valvu kwa msaada wa oili, hazitaki hewa hata kidogo. Nilifuata kitabu cha mtengenezaji hatua kwa hatua: plagi moja ya kila silinda nje, tanki likatiwa shinikizo dogo la hewa, kisha nikazungusha propela kwa mkono mpaka sindano ya shinikizo la oili ikapanda. Zungusha upande inaozungukia tu. Ukirudisha nyuma unaweza kuvuta hewa tena, na kazi yako yote imekwenda. Nawasihi msiiruke hatua hii hata kama watu wamesimama nje wanasubiri kusikia injini ikinguruma.

Na propela hiyo iogopeni. Swichi ya cheche ya injini hii inazima kwa kuunganisha waya na bodi ya injini. Waya huo ukikatika, cheche iko hai hata kama swichi inaonyesha imezimwa.

Siku ya kwanza kulikuwa na joto, na injini iliwaka kabla sijahesabu tatu. Nilikaa kwenye kiti machozi yakinilengalenga. Kisha baridi ikaja. Asubuhi moja, nyuzijoto 3, stata ilizunguka kwa kusuasua, propela ikarudi nyuma kwa kishindo kimoja, halafu kimya. Kishindo kile ni kibaya, kwa sababu kinaumiza klachi ya stata na giaboksi. Nilijaribu mara mbili zaidi nikaacha.

Niliishuku betri kwanza, nikanunua nyingine, na hali ikabaki vilevile. Kosa langu lilikuwa kutojua cheche inatoka wapi. Katika injini hii haitegemei betri. Inazalishwa na koili zake zenyewe injini inapozunguka, na chini ya mizunguko 220 hivi kwa dakika hakuna cheche ya maana. Ikizunguka polepole, unaweza kubonyeza stata hadi betri ife na usipate kitu. Oili baridi ni nzito, na ULS inabana hewa zaidi kuliko ndugu yake, Rotax 912 ya farasi 80, kwa hiyo kila kinachopunguza nguvu ya stata kinaonekana hapo hapo.

Nikachukua multimita, kile kipimo cha umeme. Ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye bodi ya injini, rafiki yangu akabonyeza stata. Volti 1.4 zilikuwa zinapotea njiani! Betri iko nyuma ya viti kwa sababu ya mizani ya ndege, na waya wa hasi nilikuwa nimeuishilizia kwenye fremu ya kubeba injini. Lakini injini imekaa juu ya raba, na raba haipitishi umeme. Mkondo wote ulikuwa unapita kwenye kipande kimoja chembamba cha waya nilichoweka kama ziada, tena juu ya rangi ambayo sikuikwangua. Nikavuta waya mnene wa milimita mraba 35 kutoka hasi ya betri moja kwa moja hadi kwenye bodi ya injini, nikabadilisha na wa chanya. Kipimo kikashuka hadi 0.2. Stata ikapata sauti nyingine kabisa.

Bado haikuwaka vizuri. Choki, kile cha kusaidia injini baridi iwake, kwenye kabureta hizi haizibi hewa. Inafungua njia ndogo ya petroli ya ziada, na petroli hiyo inavutwa tu kama akselereta imefungwa kabisa. Ifungue kidogo tu na mvuto unakufa. Sasa, kabureta zina springi zinazovuta kuelekea kufunguka, ili kebo ikikatika angani usibaki bila nguvu. Mkono wangu wa akselereta ulikuwa umelegea, na mtikisiko wa stata ulikuwa unausogeza bila mimi kuona. Juu ya hayo, choki ya kabureta ya kushoto ilikuwa inafunguka nusu kwa sababu ganda la kebo lilichomoka. Nilikaza mkono, nikapanga kebo zote mbili zifike mwisho pamoja, kisha nikasawazisha kabureta kwa geji mbili.

Tangu hapo, kwenye baridi, nazungusha propela kwa mkono mpaka nisikie tanki la oili likibwabwaja, choki yote, akselereta imefungwa, stata isizidi sekunde 10. Ikikataa, inapumzika dakika 2. Shinikizo lisipopanda ndani ya sekunde 10 nazima. Ikiwaka, naiweka kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika, kwa muda wa dakika 2, kisha 2,500 hadi oili ifike nyuzijoto 50. Siruki kabla ya hapo hata anga liwe zuri namna gani. Nisichokipenda ni mtikisiko wake ikizunguka polepole. Giaboksi inagonga na unaisikia hadi kwenye kiti, kwa hiyo siiachi izunguke polepole sana.

Kinachonisumbua sasa ni oili inayochelewa kupata joto nikiwa angani. Nimeziba theluthi moja ya kipoza oili kwa bati jembamba, na wiki ijayo nafunga themostati, valvu inayozuia oili isipite kwenye kipoza ikiwa bado baridi.