Uranusi au Neptuni: uanze kutazama sayari ipi?
Kwa darubini yenye kioo cha milimita 200, mimi ningeanza na Uranusi. Mwishoni mwa 2025 ilikuwa jirani na kundi la nyota la Kilimia, hata darubini ndogo ya macho mawili iliionyesha. Ukikuza mara 200, ile nukta inageuka kiduara cha kijani kilichochanganyika na buluu, kimetulia huku nyota za pembeni zikimetameta. Uzuri wake hausemeki!

Neptuni inataka subira. Kwa macho matupu huioni kamwe, na upana wake kwenye darubini ni kama theluthi mbili tu za Uranusi. Bila ramani ya anga utaipita ukidhani ni nyota. Lakini mwezi wake, Tritoni, unang'aa kuliko mwezi wowote wa Uranusi. Usiku wa giza totoro, utafute.