Mchungaji wa shuleni kwa binti yangu: nyota nne kati ya tano

Binti yangu yuko kidato cha tatu, shule ya bweni ya serikali mkoani Kilimanjaro. Shule siitaji. Kipindi cha dini kipo kwenye ratiba na kila kundi linakwenda kwenye umoja wake wa wanafunzi: Wakatoliki TYCS, Waprotestanti UKWATA, Wapentekoste CASFETA, Waislamu na ustadhi wao.

Sisi ni Walutheri. Mchungaji wao ni kijana, anakuja na pikipiki, na hahubiri sana, jambo ambalo mama mkwe wangu halipendi hata kidogo. Ana kisanduku cha maswali yasiyo na majina. Mungu anasikia Kichaga? Nikimchukia baba nimetenda dhambi? Anayajibu mbele ya wote bila kumsaka aliyeandika. Binti alipofiwa na bibi mzaa mama katikati ya muhula, mchungaji alikaa naye nje, kwenye benchi la wazi, mwalimu wa malezi akiwa karibu. Alimwacha alie kwanza, mistari ya Biblia ikaja baadaye. Mimi hilo la benchi la wazi naliangalia kabla ya mengine yote.

Nyota moja naipunguzia shule. Mitihani ya majaribio ikikaribia, kipindi cha dini ndicho cha kwanza kuliwa, wakati huo ndio watoto wana hofu kuliko kawaida.

Wazazi wa kidato cha kwanza, siku ya kuripoti ulizeni mchungaji, padri au shehe anakuja lini. Na Biblia iandikeni jina, bwenini zinahama.