San Fruttuoso: kichwa cha samaki wangu kiko wapi?

Nilitaka kuandika sifa tupu. San Fruttuoso, kijighuba cha pwani ya Italia karibu na Genova, haina barabara. Unaingia kwa boti kutoka Camogli au unakata mlima kwa miguu, kwa hiyo ukishafika husikii honi wala pikipiki, ni maji tu yakikwaruza kokoto mbele ya abasia ya kale, nyumba ya watawa wa zamani. Maji yenyewe unasimama yakakufika kifuani na kucha za miguu bado unaziona. Shangazi, mtu wa Tanga asiyesifu bahari ya watu ovyo, alinyamaza kitambo kisha akasema, "Hawa nao wamepewa."

Halafu tukaona njaa.

Mhudumu alituletea orata mbichi kwenye sinia tumkague. Anafanana na changu wetu, jicho linang'aa, shavu jekundu. Menyu inasema euro 7. Pembeni, kwa herufi za sisimizi, "etto", yaani kwa gramu 100. Hapo kosa ni langu, nimeishi Genova miaka mingi na nilipaswa kulisoma. Samaki alikuwa gramu 900. Piga hesabu mwenyewe.

Lakini bei siyo iliyoniudhi. Au iliniudhi, ila si sana. Samaki alipoiva, yule kijana akamchambua kwenye kameza ka pembeni, akatuwekea minofu miwili mieupe na limau, kichwa na mifupa akaondoka navyo! Shangazi akamfuata kwa macho mpaka mlangoni. "Kichwa anakipeleka wapi?"

Nikamwita, nikamwomba kwa Kiitaliano kizuri tu, akirudishe. Akanijibu kwa Kiingereza, polepole kama anayemfundisha mtoto, kwamba kichwa hakiliwi, tayari kimetupwa. Akageuka kabla sijafunga mdomo. Kichwa tumekipimia, kichwa tumekilipia, na mashavu yake, ambako utamu wote uko, yameishia kwenye ndoo. Juu yake coperto, pesa ya kukalia meza na kuletewa mkate, kwa kila mtu.

Ningesema msiende. Ila jioni, tukiwa kwenye foleni ya boti, jua liliipiga ile abasia, na Shangazi alikuwa kakunja kanga, miguu majini, anacheka peke yake. Basi nendeni. Mle mkate wenu juu ya kokoto, au mkiagiza samaki, semeni kabla hajashika kisu.

Botini nikadhani Shangazi amesahau. "Kile kichwa," akasema, "kingetosha mchuzi wa leo na kesho."