Difu loki ya kushukia milima: ipi inaachia haraka?

Malalamiko ninayoletewa na wenye Prado na Hilux hapa Dar yanafanana. Mtu kafunga difu loki, kifaa kinacholazimisha matairi mawili ya ekseli moja yazunguke pamoja, kapanda nayo milima ya Mgeta, Morogoro, bila shida, kisha anashuka kutoka Nyandira udongo umelowa, gari linagoma kukata kona. Usukani kaukunja mpaka mwisho, gari linanyoosha kuelekea ukingoni. Anazima swichi, loki haiachii. Aliyemuuzia alimsifia kupanda tu.

Sitazungumzia ugumu wa chuma wala ukubwa wa tairi, hayo kila fundi atakueleza. Nazungumzia kuachia.

Kwenye mteremko mkali unaweka L4, ile fowili ya mwendo mdogo inayoendesha matairi yote manne, kisha gia ya kwanza, injini inalishika gari. Difu ya kawaida hugawa nguvu hiyo ya kushika sawasawa kwa matairi mawili, na haiwezi kuzidi kile ambacho tairi jepesi linamudu. Tairi moja la nyuma likining'inia juu ya mfereji, linaweza kusimama au hata kuzunguka kinyumenyume, lenzake linakimbia, na gari linachomoka ghafla. Ukifunga difu, yote mawili yanazunguka kwa mwendo mmoja na injini inashika tena. Uzito wa gari ukiwa umeelemea mbele, matairi ya nyuma ndiyo yanayopoteza mshiko kwanza, kwa hiyo kama hela inatosha loki moja, weka nyuma. Ya mbele hukaza usukani; ukishuka nayo, iwe sehemu iliyonyooka tu.

Sasa kona. Difu iliyofungwa inataka kwenda moja kwa moja, na njia ikiinama upande, matairi yote mawili yanateleza pamoja na mkia unavutwa bondeni. Lazima iachie kabla ya kona. Tatizo ni kwamba meno ya loki yakiwa yamebanwa na mzigo hayatengani mpaka ulegeze kidogo mguu au usukani, na kila aina ina namna yake ya kuyatenganisha. Hicho ndicho kigezo nilichozipangia loki hizi.

Namba moja, bila kusita, ni ARB Air Locker. ARB ni kampuni ya Melbourne, Australia, iliyoanza 1975, na kwa kazi hii sioni wa kuwekwa naye safu moja. Kompresa inasukuma upepo, upepo unasogeza meno yafunge. Ukizima swichi, solenoidi, yaani valvu ya umeme, inatoa upepo na springi zinayarudisha meno. Unalegeza mguu, imefunguka. Hakuna mota ya kusubiri. Kasoro zake ziko kwenye bomba na oringi, zile pete za mpira za kuziba upepo. Bomba la nailoni likipitishwa karibu na ekzosi linayeyuka. Oringi zikichoka, mafuta ya difu hupanda kwenye bomba mpaka utayaona yanatemwa pale kwenye solenoidi. Kompresa ikijiwasha kila mara wakati loki imefungwa na hutumii upepo kwa kazi nyingine, jua kuna mahali panavuja. Yote hayo yanatengenezeka, na spea zake zinaagizika.

Ya pili ni loki ya Toyota yenyewe, ya mota ya umeme, iliyokuja na baadhi ya Land Cruiser 70 na 80, Prado na Hilux. Chuma chake nakiheshimu sana. Mota ndiyo inayonitia wasiwasi: taa inamweka mpaka meno yakae sawa, na ukizima unasubiri vilevile. Ikikaa miezi bila kutumika, maji na tope vikaingia, inakwama. Ikikwama imefungwa, mlima mzima unaushuka hivyo hivyo. Tena kwenye Toyota nyingi za kisasa, ukifunga difu ya nyuma kompyuta inazima ABS, mfumo unaozuia matairi yasigande ukikanyaga breki, na zenye DAC, ule msaada wa kushukia mteremko, nao unazimwa. Soma kitabu cha gari lako kabla hujavuka Kibaha.

Eaton ELocker naiweka ya tatu. Ni ya umeme, haina bomba wala kompresa. Lakini lile toleo la mipira ya chuma huachia na kushika upya kila mzigo unapogeuka: injini inakushikia gari, unagusa mafuta uvuke jiwe, inaachia kidogo, inashika. Kwenye mteremko siutaki mshtuko huo.

Detroit Locker na zile loki ndogo za bei rahisi hazina swichi, hujiamulia zenyewe. Kwa kushuka sizipendekezi. LSD, difu inayopunguza tu tairi moja kuzunguka peke yake, si loki.

Kabla ya kulipa, gari linyanyuliwe matairi ya nyuma yote mawili, gia iwe huru. Funga loki, zungusha tairi moja kwa mkono: la pili lifuate upande uleule. Zima, zungusha tena: la pili ligeuke kinyume. Rudia mara kadhaa, na utazame inachukua muda gani kuachia.

Kinachoniudhi ni wauzaji wa difu za mtumba pale Gerezani wanaouza "kamili" difu yenye waya zilizokatwa na mkasi, haina swichi wala kompyuta yake. Wengine wanakupa reshio, yaani uwiano wa meno ya difu, ya 4.88 nyuma wakati mbele una 4.10, ukiingiza fowili, gia boksi ndiyo inayolipia. Na bei wanakutajia kwa dola, ingawa kanuni za 2025 zinakataza kutangaza bei kwa fedha za kigeni. Mwenye VX anatajiwa bei moja, mwenye Hilux chakavu nyingine, kwa kifaa kilekile. Hilo si biashara, ni kuviziana. Dai bei kwa shilingi, dai risiti ya EFD inayotaja reshio na idadi ya meno ya ekseli, na kila waya iunganishwe na kujaribiwa mbele yako.