Betri ya Pili ya Lithiamu Kwenye Land Cruiser: Uzoefu Wangu

Kwa miaka kadhaa Land Cruiser yangu ya dizeli ilikuwa na betri ya pili ya risasi na asidi chini ya boneti, iliyounganishwa na ile ya kuwashia injini kupitia rilei, yaani swichi inayoziunganisha yenyewe volti zinapopanda na kuzitenganisha zinaposhuka. Friji ilipoanza kuzimika kabla ya alfajiri kila tulipolala Magadi, niliibadilisha kwa betri ya lithiamu ya ampea-saa 100. Nimeridhika nayo sana, ingawa sehemu kubwa ya sifa naipa chaja iliyofungwa pamoja nayo.

Duka la kwanza nililoenda, Barabara ya Kirinyaga, lilinishauri niweke betri mpya mahali pa ile kuukuu, na rilei ibaki kama ilivyo. Huo ni ushauri mbaya. Ukinzani wa ndani wa lithiamu, yaani kizuizi cha mkondo ndani ya betri, ni mdogo mno, kwa hiyo ikiwa imeishiwa huweza kuivuta altaneta (jenereta ya injini inayochaji betri) kupita uwezo wake, hasa gari linapokwama kwenye foleni ya Mombasa Road, injini ikizunguka polepole na feni ya altaneta ikishindwa kuipoza. Tena betri hiyo ikijaa hukaa karibu na volti 13.3 hata injini ikizimwa, na rilei nyingi hazitengani mpaka volti zishuke hadi 12.8 hivi, betri mbili zinabaki zimeshikana wakati ambapo zilipaswa kuachana.

Fundi wa umeme wa magari niliyempata Industrial Area hakukubali kazi bila chaja ya DC-DC ya ampea 25, kifaa kinachokaa kati ya altaneta na betri ya pili, ambacho huweka kikomo cha mkondo na kutoa volti 14.4 zinazohitajika. Betri aliifunga nyuma ya viti, mbali na joto la injini, na kila ncha ya waya mkuu akaiwekea fyuzi. Nilimtazama akikaza kila kichwa cha waya kwa koleo maalumu, akakivuta kwa nguvu zote kuona kama kitachomoka, ndipo akakifunika kwa mpira unaosinyaa kwa moto. Kazi ya namna hiyo ndiyo ninayoilipia kwa moyo mweupe.

Tofauti ni kubwa. Betri ya risasi haifai kutumiwa kupita nusu ikiwa unataka idumu, lakini hii naitumia hadi asilimia 80 bila wasiwasi, na mwendo wa takriban saa nne kutoka Nairobi hadi Amboseli huijaza karibu yote. Uzito nao umepungua zaidi ya nusu.

Bei ni kubwa, na hilo siwezi kulificha. Jambo jingine ni kwamba taa hazififii kukuonya chaji inapokwisha, kwani saketi ya ulinzi iliyo ndani ya betri hukata umeme ghafla. Kwa sababu hiyo nimeongeza kipimo kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka, nami hukiangalia kila jioni kabla ya kuiacha friji ikeshe.