Nguo za kununua neva zinapouma: kutoka fulana ya mtumba hadi soksi

Mkanda wa jeshi, ule ugonjwa wa vipele unaoshambulia neva, ulinipata ubavu wa kushoto, kuanzia mgongoni kuja hadi chini ya titi. Vipele vilikauka baada ya wiki chache, maumivu yakabaki. Huu ni mwaka wa pili. Ukiiangalia ngozi ya hapo huoni cha ajabu, lakini shati likipita juu yake nahisi kama njiti ya kiberiti inayowaka. Kinachoshangaza ni kwamba ukinikandamiza kwa kiganja, siumii sana. Kinachonitesa ni mguso mwepesi.

Ndiyo maana ushauri wa "vaa nguo pana", nilioupata kwa kila niliyemuuliza, ulinila hela. Nilinunua madera matatu kwa mpigo, mapana kweli kweli. Feni ikiyapepea, kila mkunjo unanigusa na kuniacha, unanigusa na kuniacha. Usiku wa kwanza sikulala. Kwa hiyo kabla ya kwenda sokoni, jipime. Jipitishie pamba ya duka la dawa taratibu mahali panapouma, kisha paweke kiganja ukandamize kidogo. Kama pamba ndiyo inayouma zaidi, tafuta nguo inayolala mwilini isiyochezacheza. Kama ni kiganja, hapo nguo pana inakufaa, na orodha yangu uisome ukianzia katikati.

Ya kwanza kwangu, tena kwa mbali, ni fulana ya pamba ya mtumba. Imefuliwa mara nyingi na watu usiowajua, nyuzi zimelegea, ile dawa ya kiwandani imekwisha. Kwa bei ya fulana moja mpya unaweza kupata mbili au tatu. Soma lebo: unataka pamba asilimia 100, maana nyingi zina poliesta nusu kwa nusu na ukitoka jasho zinanata. Igeuze ndani nje, upitishe upande wa ndani wa mkono, pale wanapopimia mapigo ya moyo, juu ya mishono yote. Kiganja kimezoea ufagio na jembe, hakijui ulaini. Halafu tazama ubavuni. Kuna fulana zinazofumwa kama bomba, hazina mshono wowote pembeni. Kwa mwenye maumivu ya mbavu hiyo ni bahati, nunua hata kama rangi huipendi. Zenye picha nene ya plastiki kifuani ziache. Ukifika nyumbani, lebo usiikate kwa mkasi, kile kisiki kinachobaki kinachoma kuliko lebo yenyewe. Fumua nyuzi zake moja moja kwa ncha ya wembe.

Ya pili ni khanga, ila khanga iliyozeeka. Mpya ina dondo na inakwaruza. Iloweke usiku kucha, uifue mara tatu nne, ndipo uanze kuihukumu. Siku hizi kuna khanga za poliesta zinazouzwa kama pamba, kwa hiyo mimi huomba uzi.

"Dada, hii pamba tupu."

"Sawa kaka, nichomolee uzi mmoja tu hapo pembeni."

Uzi wa pamba ukichomwa unanuka karatasi na kuacha jivu linalosagika. Wa poliesta unayeyuka, unajikunja kuwa kidonge kigumu, unanuka plastiki. Muuzaji anayekataa kukupa uzi ameshakujibu. Nikijifunga khanga kifuani kwa kuikaza kiasi, inakaa sawasawa mwili mzima bila mshono hata mmoja, nami hulala nayo. Na kwa kuwa doti ni vipande viwili, cha pili nilimpelekea fundi anishonee blauzi yenye mishono inayotazama nje. Alidhani nimechanganyikiwa. Alishona.

Ya tatu ni ya wanaume: wenye maumivu ya kiunoni au mapajani, kikoi au msuli unawafaa kuliko suruali yoyote yenye lastiki. Fundo liwe upande usiouma.

Dera la reyoni naliweka nafasi ya nne, na kwa wale wa kiganja tu. Ni laini, linapitisha hewa, ila likilowa jasho linakuwa zito na kugandamana na mwili. Nguo zinazotangazwa mitandaoni kuwa ni za mianzi nyingi ziko kundi hilihili: mianzi imesagwa, ikayeyushwa kwa kemikali, ikatoka uzi wa jamii ya reyoni. Si mbaya, lakini usilipe bei ya muujiza.

Sateni ambayo mitaani wanaiita siliki mara nyingi ni poliesta. Inateleza, na kuteleza ni jambo jema kwa ngozi yenye hasira, hivyo foronya na shuka sawa. Kuivaa mchana wa Dar, hapana. Lesi, nguo za kumetameta, na suruali za jinzi zenye kifungo cha chuma tumboni nimegawa zote. Kifungo hicho huwa na nikeli, inayowawasha watu wengi hata wasio na shida ya neva.

Nguo za ndani nunua mpya. Kwanza Tanzania imepiga marufuku zile za mitumba, pili lastiki iliyochoka hujiviringisha na kukata mwili. Sidiria iwe ya pamba, isiyo na waya, yenye mkanda mpana; mwembamba unakusanya uzito wote kwenye mstari mmoja. Siku nyingine mimi huvaa singlendi ya kubana kidogo na kusahau sidiria.

Shangazi yangu ana kisukari, nyayo zake zinawaka moto usiku na mchana zina ganzi. Kwake soksi si urembo. Tunamnunulia nyeupe, ili kidonda asichokihisi kionekane kwa damu, zisizokaza juu ya kifundo, naye huzivaa ndani nje ili mshono wa vidoleni usimsugue. Soksi za kubana zinazouzwa kwa ajili ya "mzunguko wa damu" asinunue mtu wa kisukari bila daktari kumpima miguu.

Kuhusu kufua, suuza mara mbili, achana na vilainishi vyenye manukato, na upige pasi hata nguo za ndani ulizoanika nje: kuna nzi hutaga mayai kwenye nguo mbichi na funza wake huingia kwenye ngozi. Ukiona vipele vipya vya mkanda wa jeshi, acha habari za nguo, wahi hospitali ndani ya saa 72, dawa za kuvipiga hufanya kazi vizuri zaidi zikianza mapema.

Soko la mitumba la Karume mimi huenda jioni, ubavu ukiwa umeshachoka. Asubuhi kila kitambaa huonekana laini. Fulana naivaa juu ya ile niliyo nayo, nainua mikono, natembea hatua kumi huku muuzaji akicheka, na ile nisiyoihisi ndiyo ninayouliza bei.