Masta ya breki yenye kipenyo kikubwa: uzoefu wangu katika vilima vya Pemba

Gari yangu ni Toyota ndogo yenye diski mbele na dramu nyuma, na naiendesha karibu kila siku katika barabara ya zamani ya Chake Chake hadi Wete, ambayo kwa vilima na kona zake haiupi mguu wa breki mapumziko. Breki zilikuwa zinashika, lakini pedali ilikuwa laini na ilishuka mno kabla ya gari kuitikia, jambo lililonitia hofu kila nilipoteremka na watoto nyuma. Nilikwisha kubadilisha pedi na mafuta ya breki, na upepo ulitolewa kwenye mabomba ya breki mara mbili, bila ya tofauti ya maana.

Ndipo nikaagiza masta nyengine, yaani ile pampu inayosukuma mafuta ya breki pedali ikikanyagwa, kutoka Kariakoo. Ile ya zamani imeandikwa 13/16 ubavuni, yaani kipenyo cha inchi 13/16 au milimita 20.6 hivi, mpya ni ya inchi 7/8, takriban milimita 22.2. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini uso wa pistoni umeongezeka kwa asilimia 16, kwa hiyo pedali ikishuka kidogo tu husukuma mafuta mengi zaidi. Muuzaji hakuniambia upande wa pili wa jambo hili: ili kupata presha ileile, mguu nao sharti ukandamize kwa nguvu zaidi.

Siku ya kwanza nilivunjika moyo. Fundi aliifunga masta ikiwa kavu, upepo ukabaki ndani yake, na pedali ikazama hadi chini. Ilibidi ifunguliwe, ibanwe kwenye jiliwa, ijazwe mafuta, kisha pistoni isukumwe taratibu huku mabomba mawili ya mpira yakiyarudisha mafuta kwenye kikopo chake. Nilisimama hapo nikitazama mapovu yakipanda, mwanzo makubwa kama punje za mtama, baadaye membamba kama vumbi, mpaka yakakatika kabisa. Baada ya hapo tulitoa upepo kwenye breki za magurudumu, tukianzia gurudumu la nyuma kushoto ambalo ndilo lililo mbali zaidi na masta, na tukahakikisha kwamba fimbo ya busta, kile kifaa kinachouongezea mguu nguvu, haiigusi pistoni kwa nguvu, kwa sababu ikiisukuma wakati mguu haupo, breki hubaki zimeshika na kuchemka. Matone yaliyoangukia bodi tuliyaosha kwa maji papo hapo, kwani mafuta haya hubambua rangi.

Huu ni mwezi wa tano tangu masta ifungwe. Pedali inasimama juu, inaitikia mapema, na ninapoteremka naweza kupima breki kwa ncha ya kiatu, uhakika ambao sikuwa nao kabla. Mke wangu, ambaye pia huiendesha, anaona imekuwa nzito, na ni kweli ni nzito. Kwa hiyo mwenye masta iliyochakaa tu ningemshauri anunue mpya ya kipimo kilekile kwanza. Mimi hii yangu siirudishi.